Foleni ya Michango: Kwa Nini Miradi ya Programu Huria Hukaa na Mamia ya Maombi Yasiyojibiwa

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza ukurasa wa mradi wa programu huria huona namba moja kabla hajasoma maelezo yoyote: idadi ya michango iliyo wazi, yaani ile ambayo haijakubaliwa wala kukataliwa. Akikuta ni 40, hupita. Akikuta ni 1,400, hutoa hukumu papo hapo: mradi umekufa, wenyewe wamelala, au wana majivuno na hawataki kusaidiwa. Hukumu hizo tatu nimezisikia mara nyingi, na karibu kila mara zimetokana na kutojua foleni hiyo ni ya kusubiri nini, na ni nani hasa anayesubiriwa.

Mfano unaotosha kuzitilia shaka ni CPython, programu kuu inayoendesha msimbo ulioandikwa kwa Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu za kompyuta. Mradi huo umebeba kwa miaka zaidi ya maombi elfu moja yaliyo wazi, na bado tangu mwaka 2020 umetoa toleo jipya kila Oktoba bila kukosa. Kwa hiyo ukubwa wa foleni peke yake hauwezi kuwa dalili ya kifo. Ni dalili ya jambo jingine, na ili tulielewe ni lazima tuanze na maana za maneno.

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na binadamu ili kompyuta itende kazi, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili, kuubadilisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Mchango ni badiliko ambalo mtu ameliandaa na kuomba liingizwe katika msimbo mkuu. Linaweza kuwa marekebisho ya herufi moja katika maelezo, au sehemu mpya kabisa ya programu. Ombi la namna hiyo huitwa ombi la kuunganisha. Mtunzaji ni mtu mwenye ruhusa ya kulikubali au kulikataa. Mrundikano, basi, ni jumla ya maombi yaliyofika lakini hayajapata uamuzi. Tusichanganye mchango na ripoti ya hitilafu: anayeripoti hitilafu anasema bomba linavuja mahali fulani, wakati anayeleta mchango amekuja na kipande cha bomba alichokwisha kukikata na anaomba kifungwe.

Hapo ndipo wengi hujiuliza: ikiwa kipande kimekwisha kukatwa, kwa nini kisifungwe tu?

Tutazame mchango mmoja kwa karibu. Kuna maktaba ya msimbo, yaani msimbo uliokwisha kuandaliwa ili programu nyingine ziutumie, inayosoma tarehe, na baadhi ya tarehe hizo zina mwaka wa tarakimu mbili tu. Kwa desturi ya mifumo mingi ya kompyuta, tarakimu 69 hadi 99 husomwa kuwa 1969 hadi 1999, na 00 hadi 68 husomwa kuwa 2000 hadi 2068. Mchangiaji anashughulika na tarehe za kuzaliwa, na amechoshwa na programu inayosema kwamba mtu aliyezaliwa mwaka 1965 atazaliwa 2065. Anabadilisha mistari mitatu ili kiwango cha kuanzia miaka ya 1900 kishuke kutoka 69 hadi 30, anafanya majaribio kwa takwimu zake, anaona yote ni sawa, na anatuma. Kwake kazi imekwisha, na ni kazi nzuri.

Mtunzaji anafungua mistari hiyo mitatu na kuanza kujiuliza mambo ambayo hayamo katika mistari yenyewe. Je, wapo wanaotumia maktaba hii kusoma tarehe za mwisho za mikataba, ambao kwao 45 ni 2045 bila shaka yoyote? Wakiamka kesho na kukuta mikataba yao imekwisha tangu 1945, watajuaje chanzo? Maelezo ya matumizi yanasema nini? Majaribio ya kiotomatiki yaliyopo yanagusa mpaka huo? Je, si bora kila mtumiaji aruhusiwe kuchagua kiwango chake mwenyewe, na kama ndiyo, nani atakayeitunza njia hiyo kwa miaka kumi ijayo? Anapakua badiliko, analiendesha, anatafuta mjadala wa zamani kuhusu suala hilohilo, kisha anaandika jibu la upole linaloeleza kwa nini haliwezi kukubaliwa lilivyo. Saa nzima imepita, labda mbili, kwa mistari mitatu, na uamuzi wenyewe ni hapana.

Kwa hiyo imani kwamba mchango mdogo ni rahisi kukubalika haina msingi. Urefu wa badiliko haupimi uzito wa uamuzi. Mwalimu anayesahihisha madaftari anaelewa tofauti hii: maswali ya kuchagua jibu huyamaliza darasa zima kwa muda mfupi, lakini insha ya ukurasa mmoja humtaka atulie, asome mara mbili na aandike maoni. Michango ni insha, na kila mchango unaofika ni ombi la kupewa usikivu wa mtu fulani. Usikivu huo ndio uliopungua, kwa kuwa wanaoandika msimbo ni wengi kuliko wanaoweza kuupima.

Foleni nayo ina hesabu zake, na hesabu hizo hazijali nia njema ya mtu. Mwaka 1961 mtafiti wa Marekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo hadi leo hutumika popote penye foleni: kwa wastani, idadi ya vitu vinavyosubiri ni sawa na kasi ya kuingia kwake ikizidishwa kwa muda ambao kila kimoja hukaa. Mradi unaopokea michango 12 kwa wiki, na kila mchango ukakaa wiki 5 kabla ya kuamuliwa, utakuwa na michango 60 iliyo wazi wakati wowote utakapoutazama. Sitini hiyo si uzembe, ni matokeo ya kuzidisha. Mradi mwingine unaopokea mmoja kwa wiki na ukawa na 60 iliyo wazi una hali tofauti kabisa, kwa sababu huko kila mchango unasubiri zaidi ya mwaka. Namba ni ileile, lakini uzoefu wa mchangiaji ni mbingu na ardhi. Ndiyo maana ninashauri kwamba anayetaka kujua afya ya mradi asitazame idadi, atazame umri: mchango wa wiki iliyopita umepata jibu la kwanza au haujapata?

Kuna jambo la pili katika hesabu za foleni ambalo huwashangaza hata watunzaji wenyewe. Mtu mmoja anayehudumia kazi zinazokuja bila mpangilio, tena zenye urefu usiolingana, akitumia asilimia 80 ya uwezo wake, foleni ya wastani huwa na kazi 4, ukihesabu na ile iliyo mkononi. Akifika asilimia 90, zinakuwa 9. Akifika 95, zinakuwa 19, na akifika 99, zinakuwa 99. Hii ni hesabu ya modeli rahisi, na miradi halisi haifuati modeli kwa usahihi huo, lakini umbo lake ndilo linalotokea: mambo huenda vizuri kwa muda mrefu, kisha ongezeko dogo la michango, au likizo ya mtu mmoja, huipasua foleni ghafla. Aliye nje huona mtunzaji aliyekuwa akijibu haraka mwaka jana sasa hajibu, akadhani tabia yake imebadilika. Kilichobadilika pengine ni asilimia tano tu.

Na mchango unaosubiri haukai kama jiwe, bali huoza. Msimbo mkuu unaendelea kusonga, na badiliko lililoandikwa juu ya msimbo wa Machi huenda lisishikamane na msimbo wa Novemba. Faili limehamishwa, jina la kipande fulani cha msimbo limebadilishwa, au mtu mwingine amekwisha kutatua tatizo lilelile kwa njia nyingine. Mchangiaji hulazimika kulioanisha upya, mara nyingi akiwa amesahau kwa nini aliandika alivyoandika. Wengine huwa wamehama kazi na hawarudi tena. Hivyo kuchelewa kwenyewe huzaa kazi mpya, na kazi hiyo mpya huongeza kuchelewa.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi na walio nje ni moja: ongezeni watu. Si dawa mbaya, ila ina masharti ambayo hayasemwi. Mtunzaji mpya hapatikani kwa kubofya kitufe cha ruhusa. Anahitaji kuijua historia ya mradi, kujua ni nani atakayeumia badiliko fulani likipita, na kuaminiwa. Na wa kumfundisha hayo yote ni walewale waliokwisha kulemewa. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ulilipitia tatizo hili mapema. Mabadiliko yalipokuwa mengi kupita uwezo wa mtu mmoja kuyasoma, kazi iligawanywa kwa maeneo: kuna watunzaji wa mtandao, wa mifumo ya faili, wa vifaa vya aina moja au nyingine, na kila mmoja hupokea ya eneo lake, huyachuja, kisha huyapeleka juu yakiwa yamekwisha kupimwa. Orodha ya nani anatunza nini imeandikwa katika faili lililomo ndani ya msimbo wenyewe. Torvalds hupokea mafungu ya mabadiliko mapya kwa wiki mbili, kisha wiki zinazofuata ni za kurekebisha tu, na toleo hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo alichokiandika mwaka 2005 na ambacho leo kinatumika karibu kila mahali, kilirahisisha sana kuyasafirisha na kuyaunganisha mabadiliko. Hakikurahisisha kuyasoma. Pengine tangu hapo kutuma kumekuwa kwepesi mno kuliko kupima, na pengo hilo ndilo linaloonekana katika namba tunazozizungumzia.

Njia nyingine ni kulipa. Wakfu unaousimamia mradi wa Django, unaotumika kutengeneza tovuti kwa lugha ya Python, ulianza mwaka 2014 kumwajiri mtu ambaye kazi yake hasa ni ile ambayo wengi wa wanaojitolea huiacha mwisho: kupanga tiketi zinazoingia, yaani taarifa za hitilafu na mapendekezo yaliyoandikishwa, kupitia michango na kuiunganisha. Naiona kuwa moja ya hatua za busara zaidi zilizowahi kuchukuliwa katika ulimwengu huu, kwa sababu imekubali wazi kwamba kusoma kazi ya mwingine ni kazi, na si muda wa ziada unaobaki baada ya kazi.

Lakini miradi mingi haina fedha, na inabidi ijipange kwa ilichonacho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jambo la kwanza ambalo mrundikano hulihitaji ni daftari la kueleza zamu ni ya nani. Mtu akipitia maombi 200 ya mradi wowote kwa makini, hukuta mengi hayamsubiri mtunzaji hata kidogo: mchangiaji aliulizwa swali miezi mitano iliyopita na hakujibu, au majaribio yalishindwa na hakuyarekebisha. Mradi wa lugha ya Rust huyatenganisha haya kwa lebo mbili, moja ya kusema ombi linasubiri mhakiki na nyingine ya kusema linamsubiri mwandishi wake, na lebo hizo hubadilishwa kila zamu inapohama. Kitendo hicho kidogo huigeuza namba ya kutisha kuwa orodha mbili, na ni moja tu kati yake iliyo deni la watunzaji.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina utaratibu ambao ninaupenda zaidi kuliko wote. Kwa kawaida mara tano kwa mwaka hutengwa mwezi mzima ambao watu hupunguza kuandika mambo mapya na kugeukia yaliyokwisha kuletwa. Kila badiliko lililoandikishwa linatarajiwa kutazamwa na mtu, kisha ama liingizwe, ama lirudishwe kwa mwandishi na maoni, ama lisogezwe hadi kipindi kinachofuata. Anayeleta badiliko hutarajiwa naye kupitia angalau badiliko moja la mwenzake lenye ukubwa unaokaribiana na lake. Sharti hilo lina haki ndani yake, na lina faida ya pili isiyoonekana upesi: anayepitia kazi za wengine hujifunza namna watunzaji wanavyofikiri, na baada ya mwaka mmoja au miwili huwa amekwisha kuwa mtu anayeweza kukabidhiwa eneo.

Kuhusu boti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, zinazofunga michango ya zamani, maoni yamegawanyika sana, nami nina upande. Katika mradi wa Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, ombi lisiloguswa kwa siku 90 huwekewa alama ya kuchakaa, siku 30 baadaye alama ya kuoza, na siku 30 nyingine zikipita hufungwa. Yeyote anaweza kuiondoa alama hiyo kwa maneno machache. Kwa mradi unaopokea michango kwa maelfu, ni vigumu kuishi bila kitu cha aina hiyo. Hata hivyo boti haijui zamu ni ya nani isipoelezwa. Ikimfungia mlango mchangiaji aliyejibu kila swali na ambaye kosa lake pekee ni kwamba hakuna aliyemsoma, imehamisha uzembe wa mradi na kumtwisha yeye, na namba imepungua bila kazi yoyote kufanyika. Iachwe ifunge yale yanayowasubiri waandishi wao. Yanayowasubiri watunzaji yafungwe na mtunzaji, kwa mkono wake na kwa sentensi yake.

Sentensi hiyo mara nyingi itakuwa ni hapana, na hapo ndipo panapochelewesha mambo kuliko pengine popote. Watunzaji wengi ni watu wapole. Wanauona mchango usiofaa, wanaikumbuka jitihada ya aliyeuandika, wanaogopa kumvunja moyo, na wanauacha wazi wakikusudia kuurudia siku watakapopata maneno mazuri. Siku hiyo haifiki. Mchangiaji aliyekataliwa ndani ya juma moja kwa sababu iliyoelezwa huumia kidogo, kisha huendelea na mambo yake au hurudi na pendekezo bora. Aliyeachwa kimya kwa miezi minane haumii mara moja, huumia kila anapofungua ukurasa. Nimekaa pande zote mbili za foleni hii, na kimya ndicho kilichonikalia moyoni kuliko kukataliwa kokote.

Upo pia uingiaji usiokuwa wa kawaida, ambao hauna uhusiano na upole wala uzembe wa mtu. Oktoba 2020, kampeni ya kila mwaka ya Hacktoberfest, inayoandaliwa na kampuni ya DigitalOcean na iliyokuwa ikitoa fulana kwa aliyetuma maombi manne, ilisababisha miradi mingi kumiminiwa mabadiliko yasiyo na maana, kama vile kuongeza neno moja la sifa katika maelezo ya mradi. Ndani ya siku chache waandaaji walibadilisha sheria, ikawa ni miradi iliyojiandikisha kwa hiari tu ndiyo inayohesabiwa. Siku hizi shinikizo kubwa zaidi linatokana na maandishi yanayozalishwa na akili unde. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, chombo cha kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani kuhusu ripoti za udhaifu wa usalama zilizoandikwa kwa ufasaha na zisizo na ukweli wowote ndani yake, na Januari 2026 mradi huo ulitangaza kusitisha zawadi za fedha uliokuwa ukitoa kwa ripoti hizo. Ufasaha ndio unaogharimu: ripoti mbovu iliyoandikwa vibaya hutambulika kwa dakika moja, lakini iliyoandikwa vizuri humlazimu mtu aliyebobea kuifuatilia hadi mwisho ndipo agundue kwamba hakuna kitu.

Na wapo wanaodhani kwamba haya yote ni masuala ya ndani ya watengeneza programu, yasiyomhusu mtumiaji wa kawaida. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima utendaji wa PostgreSQL, alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri ndani ya XZ Utils, programu ya kubana faili inayopatikana katika mifumo mingi ya Linux. Kilichomtia shaka kilikuwa kuingia kwenye kompyuta ya mbali kuchukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Mlango huo uliwekwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 na mtu aliyetumia jina la Jia Tan, ambaye alikuwa ameleta michango ya kawaida na yenye manufaa kwa zaidi ya miaka miwili, na katika muda huo akawa amekabidhiwa sehemu ya utunzaji. Kumbukumbu za mradi zinaonyesha jinsi nafasi hiyo ilivyofunguka: mwaka 2022 akaunti kadhaa zilijitokeza kulalamika kwamba michango inakawia, kwamba mtunzaji hajali tena, na kwamba apewe mtu mwingine. Mtunzaji huyo alikuwa peke yake kwa sehemu kubwa, akifanya kazi bila malipo. Mrundikano wake ndio uliogeuzwa kuwa fimbo ya kumpigia, na mchangiaji mwenye bidii akaonekana kuwa nafuu iliyokuja kwa wakati wake.

Kwa sababu hiyo, aliyetuma mchango na hajajibiwa ana mambo ya kufanya yaliyo bora kuliko kupandisha sauti. Ahakikishe kwanza zamu si yake: majaribio yamepita, maswali yamejibiwa, badiliko linashikamana na msimbo wa leo. Kama ni kubwa, aligawe vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kusomwa kwa kikao kimoja. Aeleze juu kabisa tatizo analolitatua na ni nani anayeweza kuathirika, kwa kuwa ndilo swali la kwanza atakaloulizwa. Wiki mbili au tatu zikipita akumbushe mara moja kwa sentensi moja. Kisha, akiwa bado anasubiri, achague ombi la mwenzake lililo mbele yake katika foleni, alipakue, aliendeshe, na aandike chini yake alichokiona.